Enesi Kaponywa

Mwaka jana ungefika Mlowo ukauliza habari za Enesi, wangekuambia ameponywa. Wangekuambia kwa furaha, wangekutajia na Jumapili yenyewe, na wapo ambao wangekuapia kwamba waliuona ugonjwa ukimtoka kifuani kwa macho yao. Watu wa kanisa lile si wabaya. Wana upendo mwingi, tena wa kumwaga, na upendo huo ndio nusura umpeleke kaburini.

Enesi ni mke wa Jairo, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Kwao ni Tunduma, ni Mnamwanga, akaolewa huku Mbozi kwa Wanyiha akaizoea baridi yao, akazoea na chakula chao. Alichoshindwa kukizoea ni vumbi. Msimu wa mavuno hupepeta na kuchambua maharage kwenye ghala za wanunuzi pale Mlowo, wanawake wamekaa chini mstari mzima na nyungo zao, maganda yanapanda mpaka huwezi kumwona mwenzako wa pembeni. Wenzake hupiga chafya wakacheka. Enesi ana pumu tangu utotoni, yeye alikuwa hachekicheki.

Kadi ya bima walikuwa nayo, msidhani ni watu wa kukaa tu na kumwachia Mungu kila kitu. Jairo aliilipia kaya nzima kabla hata hajanunua mbolea, na akatembea kifua mbele kwa wiki nzima. Kisha daktari mmoja kijana akampima Enesi, akamwandikia pampu mbili za kuvuta kwa mdomo, moja ya bluu na moja ya kahawia, akamweleza taratibu kama anamfundisha mtoto njia ya kwenda dukani.

"Ya bluu ni ya kufungua kifua kikishabana, mama. Ya kahawia ni ya kuzuia kisibane. Hiyo ya kahawia hutumii kwa sababu unaumwa. Unatumia kila siku ili usiumwe. Hata ukijisikia mzima kabisa, usiiache."

Walienda dirishani na kadi yao. Binti wa dirishani aliigeuza kadi huku na huku, akairudisha.

"Ya bluu kadi inaichukua, ila imeisha," alisema. "Ya kahawia ipo, ila kadi haiichukui."

Jairo alimwangalia yule binti, akaiangalia kadi. "Sasa dada, hii kadi inamtibu nani?"

"Hiyo ya kahawia haimo kwenye orodha yenu, baba. Mnalipa taslimu. Au mkajaribu maduka ya nje."

Walitoka. Bei waliyotajiwa huko nje Jairo aliisikia akaomba arudiwe, akidhani hakusikia vizuri. Ni dawa ya mwezi mmoja tu, na mwezi unaofuata unaanza tena upya. Mkulima wa kahawa hushika hela mara moja kwa mwaka, na hela yenyewe huwa imeshagawiwa kabla hajaishika. Enesi alirudi nyumbani na karatasi ya daktari, akaendelea kukohoa.

Waliomwokoa ni wanakwaya. Enesi ndiye alikuwa mwanzishaji wao, sauti yake ikipanda kanisani hata wenye kusinzia huamka. Kwaya ikianza kupoteza mwanzishaji kila penye vumbi na baridi, hiyo kwaya haina mbele wala nyuma. Recho, mweka hazina, mwanamke mchapakazi asiyependa maneno mengi, alisimama baada ya mazoezi akasema, "Tuna mfuko wa kusaidiana. Tumezika nao, tumeozesha nao. Hivi hatuwezi kumnunulia mwenzetu pumzi?" Wakakubali wote. Kila mwezi Recho alikwenda mwenyewe dukani, akaileta pampu ya kahawia ikiwa kwenye mfuko wa karatasi, akamkabidhi Enesi bila kumwangalia usoni ili mwenzake asione aibu.

Na dawa ilifanya kazi. Ubaya wa dawa ile ni huo, ikifanya kazi huioni. Enesi alilala usiku mzima. Alipanda kilima na ndoo kichwani bila kusimama njiani. Mwezi wa kwanza alishangaa, wa tatu alizoea, na kufikia wa tano alikuwa ameshasahau kwamba kupumua ni kazi.

Ndipo ikaja semina. Mwinjilisti Watson alitoka Tunduma na vyombo vyake, akahubiri siku tatu mfululizo, na Jumapili akawaita mbele wote wenye magonjwa ya kifua. Enesi hakunyanyuka. Jairo, aliyekuwa amekaa kwenye viti vya wazee, alimwashiria kwa kidevu. Enesi akajifanya hamwoni. Jairo akaashiria tena, na safari hii watu waliona, basi ikabidi ajongee.

Mwinjilisti alimwekea mkono kichwani, akaomba mpaka jasho likamdondoka. Akamwambia, "Vuta pumzi." Enesi akavuta. "Kifua kinabana?"

"Hakibani, baba."

"Kinakoroma?"

"Hakikoromi."

Alisema kweli tupu. Alitaka kuongeza, hakibani kwa sababu ya dawa ninayonunuliwa na hawa dada zangu. Alifungua mdomo kabisa kuyasema, lakini mpiga kinanda alikuwa ameshapandisha, vigelegele vimepigwa, na Jairo mzee wa kanisa alikuwa anaruka kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Mwanamke gani angesimamisha shangwe ile akaanza kueleza habari za pampu?

Na tuwe wakweli, hata yeye alitaka iwe hivyo. Alipofika nyumbani aliiweka pampu juu ya kabati, akasema ngoja nijaribu. Siku ya kwanza alipumua. Ya pili alipumua. Wiki ikapita, kifua cheupe. Yule daktari kijana hakumwambia kwamba dawa ikishazoea mwilini haiondoki siku moja, kwamba huaga kidogo kidogo kama mgeni mstaarabu. Enesi alipiga magoti jikoni akalia kwa kushukuru. Alikuwa ameamini.

Kwa hiyo Recho alipolileta jambo lile mbele ya kwaya, Enesi hakulipinga.

"Ile hela ya dawa sasa tufanyeje?" Recho aliuliza. "Tukiendelea kumnunulia ni kama tunamwambia Mungu tunasubiri kwanza tuone."

Watu wakacheka, wakasema amina. Hela ikaenda kwenye spika mpya. Spika ni kubwa kweli, ikiwashwa hata wapita njia barabarani hugeuza shingo.

Maharage yalipoanza kuingia ghalani, kifua kilirudi. Kilirudi kwa adabu kwanza, kikohozi kidogo cha alfajiri, kisha kikavua adabu. Enesi aliikumbuka pampu iliyo juu ya kabati, akaitikisa, akavuta mpaka ikaisha. Dukani hakuthubutu kwenda, kwani muuza duka naye ni wa kanisa lile lile. Akampigia simu Nesta, mtoto wa mama yake mdogo, anayefanya biashara Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Nesta akamtumia pampu ya bluu kwa dereva wa basi. Ile ya kahawia, alisema, hata huku nimeogopa bei yake, ndugu yangu, tumia hii kwanza.

Basi Enesi akawa mtu wa kujificha. Mwanamke mzima, mama wa watoto wanne, anaingia chooni kuvuta dawa kama kijana anayevuta bangi. Ya bluu inafungua, kweli, lakini haizuii, na kila siku alihitaji kukifungua kifua mara nyingi zaidi ya jana. Jairo alimfuma nyuma ya banda la kuku.

"Mama Atupele, hiyo ni nini?"

"Unaiona."

Jairo aliangalia njia kama kuna mtu anakuja. "Tangu lini?"

"Tangu maharage. Nataka niwaambie wanakwaya, baba Atupele. Niwaambie imerudi, wanisaidie tena."

"Imerudi kwa nini?" Jairo aliuliza, na alikuwa anauliza kweli. "Ndilo swali watakalouliza. Aliyeponywa akirudiwa, watu hutafuta dhambi. Watasema umefanya nini. Watasema mzee wa kanisa anaficha nini nyumbani kwake. Halafu Tunduma je?"

Tunduma kulikuwa na tamasha la kwaya. Kwaya yao ilialikwa, na kila mtu alijua imealikwa kwa sababu gani. Mwinjilisti Watson alikuwa ameisimulia habari ya Enesi kila alikopita, akitia chumvi kidogo kila kituo, na watu walitaka kumsikia akiimba huyo mwanamke wa Mlowo aliyepewa mapafu mapya.

"Tuvuke Tunduma kwanza," Jairo alisema. "Tukirudi tutaangalia."

Enesi alijikaza. Alimpenda mumewe, huo ndio ukweli, na hakutaka kumwona akinyooshewa vidole. Lakini moyoni aliumia, na alijua anaumia kwa nini. Jairo hakumwuliza hata mara moja, unapumuaje?

Siku ya tamasha uwanja ulijaa. Hatua chache tu kutoka hapo, malori yaliyongoja kuvuka mpaka yalikuwa yamejipanga yakiunguruma, moshi wao ukija na vumbi la kiangazi. Enesi alivuta pampu mara mbili ndani ya basi. Sare ya kwaya haina mfuko, basi akaiweka pampu kwenye mkoba, na mkoba akampa Jairo, aliyekaribishwa kuketi jukwaani pamoja na wageni wa heshima. Alimwambia sikioni, "Ukiona nakuangalia, niletee." Jairo alitikisa kichwa kukubali.

Mwinjilisti Watson aliwatambulisha, akamsimamisha Enesi peke yake, akaisimulia Jumapili ile upya. Kisha spika mpya waliyokuja nayo ikawashwa. Ubeti wa kwanza Enesi aliuimba vizuri. Ubeti wa pili alianza kukata maneno mwishoni. Alipofika wa tatu alivuta hewa, hewa ikakataa kuingia. Akashika kifua. Akainama. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, na kutoka kooni kwake ilitoka sauti nyembamba ambayo kipaza sauti kiliipokea na kuitangaza uwanja mzima.

Watu wakasimama. Wakainua mikono. "Roho ameshuka!" mtu alipaza sauti, na vigelegele vikaitika. Wanakwaya wenzake, wakimwona mwanzishaji wao amezidiwa na utukufu, waliuchukua wimbo na kuuimba kwa nguvu zote, wakamzunguka wakicheza. Recho alikuwa analia kwa furaha.

Enesi aliinua uso akamwangalia mumewe. Jairo alimwona. Macho yao yalikutana kabisa, hakuna wa kubisha. Mkoba ulikuwa mapajani pake. Aliushika kwa mikono yote miwili, akaangalia umati uliokuwa unashangilia, akamwangalia tena mkewe, na hakusimama.

Aliyesimama ni Nesta. Alikuwa amevuka kuja kumsikiliza ndugu yake, na yeye sauti ile nyembamba aliijua tangu walipokuwa wanalala kitanda kimoja. Alipita katikati ya watu kwa viwiko, akapanda jukwaani bila kualikwa.

"Mayo! Nyie, huyu anakufa!" alipiga kelele. "Mulamu, shemeji, lete huo mkoba! Iwe, wewe! Lete!"

Aliunyakua. Alimwekea Enesi pampu mdomoni mbele ya uwanja mzima, akaibonyeza, akaibonyeza tena, haikutoa kitu cha maana. Wakamkimbiza hospitali kwenye gari la mwinjilisti.

Walimwokoa kwa shida. Alipozinduka vizuri alikuwa na barakoa ya mvuke usoni, na kitanda kimezungukwa na sare za kwaya. Palikuwa na furaha pale wodini. Walikuwa wamechangishana papo hapo kulipia matibabu, kila mmoja ametoa bila kinyongo, na Recho alikuwa ameshika noti nyingi kiasi kwamba hakuweza kuzikunja. Enesi aliziangalia zile noti. Zilikuwa zinatosha pampu za kahawia mpaka mavuno mengine, na chenji ingebaki.

Daktari wa zamu aliingia, mama mtu mzima mwenye haraka. "Dawa ya kuzuia, ile ya kila siku, anatumia?"

Jairo alitazama sakafu. Ndipo Recho akajibu kwa nia njema kabisa, "Hatumii, daktari. Huyu aliponywa."

Daktari alimgeukia Recho. Nesta akafyonza. Enesi akaivua barakoa.

"Sikuponywa," alisema. Sauti haikuwa na nguvu, lakini wote waliisikia. "Ilikuwa dawa yenu. Mliponinunulia nilipumua, mlipoacha nikaacha kupumua. Ninaumwa tangu maharage. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu, na mume wangu aliona aibu zaidi yangu. Naomba mninunulie tena. Siombi kitu kingine."

Mwanakwaya mmoja alianza kulia, na si kwa ajili ya Enesi. Recho alizikunja zile noti taratibu, akaenda kulipa deni la wodi, na kilichobaki akakitia kwenye mfuko wa kwaya.

Mchungaji Samwel si mtu mkali. Alimtembelea Enesi nyumbani, akamsikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. Lakini habari ilikuwa imeshafika kila mahali, mwinjilisti amekasirika, na kanisa lina utaratibu wake. Mtu aliyetoa ushuhuda usio wa kweli mbele ya usharika hutengwa kwa muda, kama anavyotengwa aliyezaa nje ya ndoa au aliyekutwa mlevi. Enesi alieleza kwamba siku ile alisema kweli, kifua hakikuwa kinabana, na kwamba yeye mwenyewe aliamini. Mchungaji alisema analielewa hilo. Tatizo, alisema, ni zile wiki ulizokuwa unajua na ukaendelea kuimba.

Baraza la wazee lilikaa Jumamosi mchana. Jioni Jairo alirudi na Recho, wakamkuta Enesi ameketi kibarazani amejifunga shuka mabegani. Pampu mpya ya bluu aliyoletewa na Nesta ilikuwa mkononi. Hakuificha tena, kwa nini aifiche?

"Miezi sita," Jairo alisema. "Hutashiriki meza ya Bwana, hutaimba. Baada ya hapo utatubu mbele ya usharika, utarudi."

"Sawa," Enesi alisema. "Na dawa?"

Jairo alimwangalia Recho. Recho alikaa kwenye kona ya benchi, magoti pamoja, kama mtu aliyekuja kuhani msiba.

"Dada Enesi, mimi nimelipigania hili mpaka wamenichoka. Lakini mfuko ni wa wanakwaya. Aliyetengwa si mwanakwaya. Nikitoa hela kwa ajili yako sasa, kesho watasema na wengine waliotengwa nao wapewe. Ila siku utakayorudi, siku hiyo hiyo, nakwenda mwenyewe dukani. Nakuapia."

Enesi alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, wakakingoja kiishe.

"Nilipokuwa mzima sikupewa dawa kwa sababu ni mzima," alisema. "Sasa ni mgonjwa, sipewi kwa sababu ni mwongo. Kumbe ni kama ile kadi yetu."

"Usiseme hivyo, dada."

"Na wewe, baba Atupele? Ulisema nini huko?"

"Mimi sikusema kitu. Ilipigwa kura tu ya kunyoosha mikono. Wote walinyoosha."

"Sijakuuliza wote."

Jairo alivua kofia, akaishika, akaiangalia ndani kana kwamba jibu limo humo. "Nilinyoosha," alisema. "Mimi ni mzee wa kanisa, mama Atupele. Nisingenyoosha wangeniona vipi?"

Enesi alimwangalia mume aliyezaa naye watoto wanne. Alitafuta hasira akaipata, ilikuwepo nyingi tu, lakini hasira inataka pumzi na yeye pumzi alikuwa anaibania.

"Mwambieni mchungaji nimeipokea adhabu," alisema. "Mwambieni nitajitahidi nisipumue mpaka Desemba."

Recho aliinamisha uso. Baadaye akaaga, na Jairo akamsindikiza mpaka njia panda. Walisimama huko muda mrefu wakiongea kwa sauti ya chini, lakini jioni ile haikuwa na upepo, na Enesi aliwasikia vizuri wakikubaliana kwamba kwa sasa wazidi kumwombea.